Safari Yangu ya Ziwa la Moto

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimesema uongo mmoja tu, ila mkubwa.

Saa nne, muda wa chai. Bwana Kilele karudi kutoka likizo. Si jina lake. Ni mpimaji ardhi wa ofisi yetu, tunamwita hivyo kwa sababu akiona kilima lazima akipande. Safari hii kavuka daraja la kamba juu ya korongo. Mbao zimeoza, mto unanguruma chini, pembeni hakuna cha kushika. Ana picha mia mbili. Ofisi nzima ikamzunguka. Hata mkuu wa ofisi alitoka chumbani kwake, na yule hatoki mpaka umeme ukatike.

Mimi nilikuwa nimeleta karanga. Nimezikaanga mwenyewe. Hakuna aliyezigusa.

Mimi ni mtunza ramani. Miaka ishirini na saba chumba cha nyuma, kati ya makabati yenye droo pana. Dunia nzima imepita mikononi mwangu. Najua liliko jangwa ambalo vidimbwi vyake vinachemka. Najua njia ya mbao iliyopigiliwa ubavuni mwa jabali, na mapango yaliyojaa maji ambamo wapiga mbizi huingia wanne wakatoka watatu. Nina daftari la mahali pa hatari, kurasa arobaini. Mwenyewe sijafika hata mahali pamoja. Niliwahi kupelekwa kwenye maporomoko ya maji. Nikabaki garini kulinda mikoba.

Basi maneno yakanitoka. Nikasema na mimi Alhamisi naenda kupanda volkano, ile inayotokota mpaka leo. Nitapiga hema ukingoni, juu ya ziwa la moto.

Maswali yakaanza. Katibu muhtasi akaniuliza kama siogopi. Huyu kwa miaka miwili hajaniuliza kitu zaidi ya faili liko wapi. Bwana Kilele akasema pale si mahali pa mtu wa umri wangu. Nina hamsini na sita. Nikamwambia tutaona.

Nikapeleka fomu ya likizo. Mkuu akasaini bila kuinua kichwa. Sikutaka anikatalie. Ila angeuliza tu nani atashika chumba cha ramani. Hakuuliza.

Jioni nikamtumia binti yangu ujumbe, kwamba baba yake anaenda kwenye volkano. Binti yangu ni muuguzi, mji wa mbali, mwendo wa saa nane kwa basi. Mama yake alipokuwa hai walizungumza kila siku, mimi napewa salamu mwishoni. Miaka sita sasa tangu mama yake afariki. Simu zikawa za kila Jumapili, zikawa za kila mwezi, na mara hii nina wiki tano sijasikia sauti yake.

Ujumbe haujapoa, simu ikalia. Akataka kujua nimepatwa na nini. Tumeongea dakika kumi na tisa. Kanigombeza zote kumi na tisa. Sijafurahi hivi tangu sijui lini.

Jumanne, 5 Agosti

Nimesoma habari za volkano kwa makini. Kupanda huchukua saa sita, juu ya mawe yanayokata kama wembe. Moshi unakaba koo. Mgongo unaganda kwa baridi, uso unaiva kwa joto. Ardhi hupasuka bila kupiga hodi.

Nikapanda ngazi za ofisi kujipima. Ghorofa ya pili nikaketi. Mfagizi akaniletea maji.

Uamuzi wa kwanza: siendi. Uamuzi wa pili: hakuna atakayejua.

Mpango ni huu. Alhamisi natoka nyumbani mchana kweupe, begi mgongoni, kila mtu anione. Nazunguka mjini. Narudi kwa mlango wa nyuma. Najifungia mpaka likizo iishe. Mapazia chini. Mkate, mayai ya kuchemsha, maharage ya kopo, samaki wa kopo. Hakuna redio, hakuna taa, hakuna viatu. Siku nikitoka, nimerudi kutoka motoni.

Mpango hauna ufa. Nimeukagua kila pembe.

Jumatano, 6 Agosti

Ufa mmoja. Mama Uzi.

Mama Uzi ni fundi cherehani, duka lake liko chini ya chumba changu, na anaishi nyuma ya duka. Mjane kama mimi. Kaniona napita na buti mpya, kaniuliza, nikajigamba. Akatikisa kichwa. Akauliza nani atamwagilia mmea. Nina mmea mmoja, wa marehemu mke wangu, kwenye kopo la rangi dirishani. Nikasema utajitegemea. Akasema mmea haujui mambo ya likizo, akanyoosha mkono apewe ufunguo wa akiba.

Nikampa. Ningesema nini?

Buti zinabana vidole. Hainihusu. Sitembei popote.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeondoka kishujaa. Begi limejaa mito miwili na blanketi, lionekane zito. Mama Uzi kasimamisha cherehani, katoka mpaka mlangoni, kanipungia mkono mpaka nilipokata kona. Sijapungiwa mkono siku nyingi. Nikageuka mara tatu kuhakikisha bado anapunga.

Nimekaa stendi ya mabasi saa tano nzima. Makondakta wanne wameniuliza naenda wapi. Nikasema namsubiri mtu. Wa nne akasema huyo mtu hana adabu.

Saa nane mchana Mama Uzi hufunga duka akala. Nikapita mlango wa nyuma, buti mkononi, ngazi moja moja. Nimeingia! Sasa niko safarini.

Hakuna la kufanya.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimegundua kwamba chumba changu kina sauti nyingi. Kitanda kinalia. Kabati linalia. Hata goti langu linalia. Siku nzima nimetembea na soksi, nikipiga hatua pale tu cherehani ya chini inaponguruma. Ikisimama, nasimama. Niliwahi kusimama katikati ya chumba mguu mmoja hewani, mpaka Mama Uzi akamaliza kuvisha sindano uzi.

Katibu muhtasi hajatuma ujumbe. Hakuna wa ofisini aliyetuma. Labda wanaamini huko hakuna mtandao.

Saa kumi binti yangu kapiga. Nikawasha feni, nikaiweka karibu na simu, nikanong'ona. Nikamwambia huo ni upepo wa ukingoni. Nikamweleza moto ulivyo: unapumua, unapasuka, unajifunga tena kama kidonda. Nilisoma hayo mahali. Akaniambia nisisogee karibu. Kisha, sijui kwa nini, akaanza kunisimulia mambo yake. Kwamba kahamishiwa wodi ya wazee. Kwamba kuna mzee mmoja anamwita kwa jina la mke wake kila asubuhi, naye anaitika. Kwamba mwezi uliopita aliugua wiki nzima na hakumwambia mtu.

Hakuniambia hata mimi. Nilikuwa hapa tu, sina kazi, simu iko mezani.

Hapo umeme ukakatika na upepo wote ukafa. Akauliza kumetokea nini. Nikasema mlima umetulia. Na palepale muuza ndizi akapita chini ya dirisha akinadi ndizi zake kwa sauti ya kuamsha maiti. Nikasema huyo ni mpagazi wetu.

Jumamosi, 9 Agosti

Hatari kubwa.

Saa tatu asubuhi nikasikia ufunguo mlangoni. Nikaingia chini ya kitanda pamoja na buti, yai na kopo la samaki. Mama Uzi akaingia, akamwagilia mmea. Nikajua sasa atatoka. Hakutoka. Akavuta kiti, akaketi.

Akakaa nusu saa. Naona visigino vyake tu. Akawa anauambia ule mmea mambo. Kwamba juu kumekuwa kimya mno. Kwamba kila jioni husikia hatua zangu, mlangoni, jikoni, dirishani, halafu kitandani, na nikishalala ndipo naye anazima taa. Kwamba siku hizi mbili hajui azime taa saa ngapi. Akacheka peke yake kidogo.

Ningetoka. Kweli nilifikiria kutoka. Lakini mtu anatokaje chini ya kitanda, ana yai mkononi, akasema asante?

Akainuka, akachukua ufagio. Alipofika chini ya kitanda ufagio ukanigusa mbavu. Nikasukuma buti moja mbele, kujikinga. Akaivuta. Akavuta na ya pili. Kisha akasema kwa sauti kwamba huyu mtu kaenda kwenye mawe ya moto bila viatu.

Akatoka mbio. Na buti zangu.

Jumapili, 10 Agosti

Mama Uzi ana namba ya binti yangu tangu siku za msiba. Nilisahau. Kumbe mtu anaweza kuhifadhi namba miaka sita.

Binti yangu kapiga saa moja asubuhi. Hakuna salamu. Kauliza miguuni nimevaa nini. Nikasema buti. Akasema buti zangu ziko kwa Mama Uzi. Nikasema nimenunua nyingine njiani. Rangi gani? Nyekundu. Hapo vumbi la chini ya kitanda likanipanda kooni, nikakohoa, nikakohoa tena, na nilipotaka kueleza nikakohoa zaidi. Yeye ni muuguzi. Akanyamaza anasikiliza. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hewa ya sumu imeshaniingia kifuani.

Akakata simu. Mchana ukaja ujumbe. Kaomba ruhusa kazini. Anapanda basi la alfajiri, atapita kwa Mama Uzi kuchukua buti, kisha ataunganisha basi la kwenda mlimani aje kunichukua.

Jambo la kwanza nililohisi, naliandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: furaha. Anakuja! Nilichana nywele.

Jambo la pili lilikuja baada ya dakika chache. Anakwenda mlimani. Barabara ile naijua, iko droo ya kumi na nne. Kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine hewa. Mabasi huanguka pale. Atafika juu, ataingia kwenye moshi, anamtafuta mtu ambaye yuko hapa anachana nywele.

Nimempigia mara kumi na moja. Imezimwa, yuko zamu. Nikamwandikia asije, nashuka, niko salama. Jioni kajibu kwamba nikisema niko salama ndipo anapoogopa.

Ningeandika kwamba sijaondoka nyumbani. Niliandika. Nikafuta. Nimepata njia bora: alfajiri nachukua basi la kwanza, nafika mlimani kabla yake, nashuka mbele ya macho yake.

Jumatatu, 11 Agosti

Alfajiri nikashuka kwa ngazi za nyuma, soksi miguuni. Mlango una kufuli kubwa jipya. Mama Uzi kaliweka kunilindia mali zangu.

Nikarudi juu. Mlango wa mbele unapita dukani, na cherehani ilishaanza. Nikakaa kitandani na begi langu la mito, nikangoja sijui nini.

Saa saba mchana nikamsikia. Sakafu ni nyembamba. Sauti yake ni ya mama yake, ya mtu anayebana machozi ili asisumbue wengine. Miaka miwili sijamwona, na sasa yuko chini ya miguu yangu anamuuliza Mama Uzi kama nilisema jina la kiongozi wa msafara. Mama Uzi akamwambia apande juu, labda niliacha karatasi.

Hatua kwenye ngazi. Ningeweza kusimama nikamfungulia mlango. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nikaingia chini ya kitanda.

Safari hii sikuenea. Begi lilikuwa limetangulia. Mlango ukafunguka miguu yangu yote ingali nje.

Hakupiga kelele. Nikasikia pumzi tu, kisha akagusa kisigino changu kwa vidole viwili, wanavyofanya wauguzi kujua kama kuna joto.

"Baba," akasema. "Toka."

Nikatoka kinyumenyume. Nina vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekumbatia buti kifuani.

"Mlima uko wapi?"

"Sikwenda."

"Kulikuwa na upepo. Niliusikia."

Nikaelekeza kidole kwenye feni. Nilingoja anigombeze. Nilitamani anigombeze. Badala yake akaketi sakafuni, mgongo kitandani, na buti mapajani.

"Nimemwambia mkuu wa wodi kwamba baba yangu anakufa. Nimelia mbele ya wagonjwa, Baba. Yule mzee ndiye aliyenibembeleza."

"Nisamehe, mama."

"Kwa nini lakini?"

Nilikuwa na sababu nyingi nzuri. Bwana Kilele, ofisi, karanga. Hazikuja. Nikasema, "Ulipiga simu. Nilipotuma ule ujumbe, ulipiga."

Akaegemeza kichwa kwenye godoro, na nilipotafuta la kuongeza nikaona kalala. Alitoka zamu akaingia moja kwa moja kwenye basi. Nikamfunika blanketi la safari. Nikakaa kando mpaka jua lilipohama dirishani. Cherehani ya chini ilikuwa kimya. Nadhani Mama Uzi alikuwa anasikiliza.

Jumanne, 12 Agosti

Binti yangu kafungua mapazia. Kafua. Kapika chakula cha moto, cha kwanza kwangu tangu Alhamisi. Kaosha majani ya mmea wa mama yake, moja moja.

Kamweleza Mama Uzi ukweli wote. Nilimsihi asimweleze. Anasema Mama Uzi alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha kucheka, akauliza Jumamosi nilikuwa wapi. Akaambiwa. Katuma ufunguo wa akiba kwa mkono wa binti yangu, umefungwa kwenye kitambaa, na fundo limekazwa.

Jioni tumekaa dirishani. Binti yangu akasema mambo kwa utaratibu, kama anayemwelekeza mgonjwa kumeza dawa. Kwamba si lazima nikaungue ndipo nimtafute. Kwamba nikimkumbuka niandike kuwa nimemkumbuka, basi, itatosha. Kwamba naye ana makosa. Akitoka kazini huitazama simu, huona aibu kwa siku zilizopita, na aibu hiyo huongeza siku nyingine. Kwake kuna chumba kidogo cha pili na benchi nje. Hakuna cha kutazama isipokuwa ukuta wa jirani na paka wawili. Akataka niende kumalizia likizo yangu huko.

Nikaahidi mambo matatu. Nitamwomba Mama Uzi radhi. Ofisini nitasema ukweli. Na Jumamosi nitapanda basi kwenda kwake. Alitaka twende wote kesho. Nikasema kwanza niweke nyumba sawa. Niweke nini sawa? Amekwisha kuiweka yeye.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemsindikiza stendi. Nilivaa buti, aliniomba nizivae, angalau zitembee. Basi lilipoondoka alitoa mkono dirishani. Nikapunga mpaka kondakta mmoja akaniuliza kama yule mtu wangu wa Alhamisi amekuja. Nikasema amekuja, na ameondoka.

Nikarudi kwa mguu. Vidole vimevimba. Mama Uzi hakuinua kichwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Kuomba radhi kunahitaji sababu ya kuingia dukani. Nikachana suruali yangu nzuri gotini, nikampelekea. Akapima kwa macho, akasema suruali haichaniki hivi yenyewe, akaishona. Nikasimama pale. Nilikuwa na sentensi tayari, nimeifanyia mazoezi usiku kucha. Akanikabidhi suruali. Nikasema mshono ni mzuri. Nikapanda juu.

Siku hizi anazima taa mapema, kabla sijalala.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilikuwa tayari. Begi limefungwa, safari hii nguo za kweli. Nikajitazama kwenye kioo. Uso mweupe wa vumbi la ndani, uso wa mtu aliyekuwa chini ya kitanda. Jumatatu ofisini watasema nini? Mtu katoka kwenye ziwa la moto hana hata alama ya jua?

Ni siku mbili tu zimebaki. Kwa binti yangu naweza kwenda wakati wowote. Nikamwandikia kwamba nina homa kidogo, nitakuja mwezi ujao. Akajibu pole, akauliza kama nina dawa.

Nimekaa juu ya paa la zege kuanzia saa nne mpaka saa tisa, nimegeuza uso kwenye jua. Kutoka kule juu nilikiona kituo cha mabasi. Basi la saa tano liliondoka likiwa na viti vitupu.

Jumatatu, 18 Agosti

Ushindi!

Pua inabambuka. Katibu muhtasi aliona kabla sijavua koti. Saa nne waliniwekea kiti katikati. Nikawaeleza mlima unavyopumua. Nikawaeleza mpagazi aliyekuwa akiimba kileleni. Niliwaza kuhusu ahadi yangu, kweli niliwaza, nikafungua mdomo niseme, na mkuu wa ofisi akauliza kama moto una sauti. Nikamwambia unayo. Bwana Kilele akataka kuona picha. Nikasema joto liliua simu. Akanitazama na simu yangu iko mezani, inang'aa. Nikasema hii ni nyingine.

Sasa hivi nimefika nyumbani. Kimya juu, kimya chini. Nimechemsha chai ya vikombe viwili, mazoea tu.

Nikachukua simu, nikamwandikia binti yangu: Nimekukumbuka. Nikaisoma. Neno moja. Ilionekana kitu kidogo sana kumtumia mtu aliyechoka. Nikafuta. Nikaandika kwamba mwezi Oktoba naenda kupiga mbizi kwenye mapango yaliyojaa maji, gizani, mita arobaini chini. Nikatuma. Nikaweka simu mezani, nikavuta kiti karibu.

Haikulia. Baada ya saa moja ujumbe ukaingia. Maneno mawili: Sawa, Baba.

Nimekaa nayo tangu hapo. Kosa ni langu, nimelijua. Pango lina maji tu, nani ataogopa maji? Kesho nawahi ofisini, nafungua droo za chini kabisa, kule sijatazama miaka mingi. Lazima dunia hii iwe na mahali pabaya zaidi.